Karatasi Mkononi mwa Juan de Pareja



Kuna swali ambalo limeletwa kwetu zaidi ya mara moja katika mikutano ya vikundi vyenu: je, mtu anayejifunza kuchora kwa kunakili picha ya mwingine anajifunza kweli, au anaiba? Wapo kati yenu wanaojaribu kuchora sura za watu kwa rangi, wakiwa na picha ya mchoraji mkubwa mbele yao, na wenzao huwacheka wakisema kwamba hiyo si kazi yao. Wengine wameacha brashi kwa sababu ya maneno hayo. Tumeona ni vema kulijibu swali hili kwa njia ya historia, kwa maana historia huonyesha watu walivyotenda, na kutoka hapo kila mmoja anaweza kupima.

Hatutasema juu ya sanaa zote. Tutashika picha za sura zilizochorwa kwa rangi za mafuta, na tutamchukua mwalimu mmoja, Diego Velázquez wa Hispania, ambaye tangu karne ya 17 anasifiwa kwa kuwaonyesha watu jinsi walivyo, mfalme kama mfalme na maskini kama maskini, pasipo kuwapamba. Kisha tutamtazama mtu mmoja aliyeishi katika nyumba yake na kujifunza karibu naye: Juan de Pareja, mwenye asili ya Kiafrika, aliyekuwa mtumwa wake.

1. Mwalimu naye alikuwa mwanafunzi

Velázquez alizaliwa Sevilla mwaka 1599. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja hivi, baba yake alimkabidhi kwa mchoraji Francisco Pacheco, na mwaka 1611 mkataba wa miaka sita ukaandikwa. Kwa desturi ya wakati ule, mwanagenzi aliishi nyumbani kwa fundi, akala chakula chake, akatumwa kazi zake. Hakuanza kwa kuchora picha kubwa. Alisaga rangi, alitayarisha vitambaa vya kuchorea, aliosha brashi, kisha akachora kwa kufuata michoro ya fundi wake na ya wachoraji wengine, mpaka mkono ukazoea njia. Mwaka 1617 Velázquez alipita mtihani wa chama cha wachoraji cha Sevilla, ambacho msimamizi wake alikuwa Mtakatifu Luka, na hapo ndipo alipopewa ruhusa ya kufanya kazi kwa jina lake mwenyewe.

Pacheco aliandika kitabu juu ya uchoraji, na ndani yake ametuachia habari ndogo inayofaa kukumbukwa. Anasema kwamba Velázquez, akiwa bado kijana, alimlipa mtoto mmoja wa shambani ili akae mbele yake kama mfano, mara akicheka, mara akilia. Kijana huyo basi alikuwa na walimu wawili: picha za waliomtangulia, na uso wa mtu aliye hai. Hakumwacha mmoja kwa ajili ya mwingine.

Mwaka 1623 alifanywa mchoraji wa Mfalme Filipo IV huko Madrid. Mtu angeweza kufikiri kwamba tangu siku hiyo shule ilikwisha. Lakini mwaka 1628 alifika Madrid Peter Paul Rubens, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 51 na alijulikana Ulaya nzima. Rubens alikaa hapo hadi mwaka 1629, na pamoja na kazi nyingine alizokuwa nazo, alisimama mbele ya picha za Titian, mchoraji wa Italia aliyekwisha kufa zaidi ya miaka 50 nyuma, na kuzinakili kwa rangi za mafuta. Velázquez, mwenye miaka 29, alikuwa katika jumba lile lile. Alimwona mzee mwenye sifa zote akiketi tena kama mwanafunzi.

Mojawapo ya nakala hizo ni ile ya Adamu na Eva, ambayo leo imo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid, pamoja na picha ya Titian yenyewe. Mtu akizitazama zote mbili ataona kwamba Rubens alibadili jinsi Adamu alivyokaa, na juu ya hayo aliongeza kasuku mwekundu ambaye Titian hakumchora. Sisi husema kasuku juu ya mtu anayerudia maneno asiyoyaelewa. Rubens hakuwa kasuku. Alifuata, akaelewa, kisha akasema neno lake.

2. Kunakili ni kazi gani

Wanaocheka kunakili hudhani kwamba ni kazi ya macho yaliyolala. Tuwaeleze basi jinsi inavyofanyika, nao wapime.

Anayetaka kunakili picha ya sura kwa rangi za mafuta huanza na vipimo. Wengi hupiga mistari ya miraba juu ya kitambaa chao, ili kila sehemu ya uso iangukie mahali pake. Jicho likikosea hata kidogo, mtu aliyechorwa anakuwa mtu mwingine. Kisha huweka rangi nyembamba ya udongo, kahawia au ya kijivu, na kutafuta mwanga na kivuli peke yake, bila kujali bado rangi ya ngozi wala ya nguo. Hapo hufumba macho nusu, ili mambo madogo yapotee na makubwa yabaki. Baada ya hayo huja rangi zenyewe, tabaka juu ya tabaka. Rangi hizi ni unga uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani, nazo hukauka polepole. Kwa hiyo iko kanuni ya kale: tabaka la chini liwe na mafuta kidogo, la juu liwe na mafuta mengi zaidi, asiyeifuata, picha yake itapasuka baada ya miaka. Kazi hii haimpi nafasi mtu mwenye haraka.

Lakini somo kubwa zaidi liko mahali pengine. Ukisogea karibu na picha za Velázquez za miaka yake ya mwisho, huoni kola wala utepe wala nywele. Unaona alama chache za brashi, nyingine zimepigwa kama kwa haraka. Ukirudi nyuma hatua kadhaa, alama zile zinaungana na kuwa kitambaa chepesi, au mwanga juu ya shavu. Anayetazama tu hustaajabu na kwenda zake. Anayenakili hawezi kwenda zake. Analazimika kuuliza: alama hii aliiweka kwa nini hapa, na kwa nini aliacha pale? Kwa kila alama anayoiweka vibaya anagundua sababu ya ile iliyowekwa vizuri. Huku ni kufikiri kwa mkono.

Ndiyo maana waliokuja baadaye walirudi kwake. Mwaka 1778 Francisco Goya alinakili picha zake kadhaa kwa kuzichonga juu ya bamba za shaba. Jumba la Prado lilipofunguliwa mwaka 1819, wachoraji wa nchi nyingi walikwenda huko. Mwaka 1879 alifika John Singer Sargent, kijana Mmarekani wa miaka 23, ambaye mwalimu wake huko Paris, Carolus-Duran, hakuchoka kuwaelekeza wanafunzi kwa Velázquez. Sargent alinakili picha kadhaa, mojawapo ikiwa Las Meninas, picha kubwa ya mwaka 1656 ambamo binti wa mfalme amesimama kati ya wahudumu wake. Mwaka uliofuata alikwenda Haarlem, Uholanzi, kunakili picha za Frans Hals. Mwaka 1882 alichora picha ya mabinti wanne wa familia ya Boit. Anayeijua Las Meninas ataona katika chumba kile chenye kivuli kirefu kile alichojifunza Madrid. Lakini hakuna awezaye kusema kwamba picha ile ni ya mwingine ila Sargent.

Huko Paris, jumba la Louvre lilifunguliwa mwaka 1793, na tangu mwanzo wachoraji walitengewa siku za kunakili. Hata leo wapo wanaosimama mle na brashi zao, nao wamewekewa masharti. Nakala isiwe na ukubwa ule ule wa picha ya asili, na anayenakili asiandike sahihi ya mchoraji wa kwanza. Masharti hayo yanajibu nusu ya swali lenu. Kufuata mkono wa mwingine ni kujifunza. Kuandika jina la mwingine, au kuweka jina lako juu ya kazi yake na kunyamaza, huo ndio wizi.

3. Mtu aliyesaga rangi

Sasa tumwendee Juan de Pareja. Alizaliwa Antequera, kusini mwa Hispania, yapata mwaka 1608. Hispania ya siku hizo ilikuwa na watumwa katika miji yake, Waafrika na wengine, na wachoraji nao waliwamiliki. Tusilifunike jambo hili kwa sababu ya uzuri wa picha. Mtu yule yule aliyejua kuona heshima katika uso wa kila mwanadamu alimmiliki mwanadamu mwenzake.

Pareja alifanya kazi katika karakana ya Velázquez. Mahali pale pia palitengenezwa nakala za picha za mfalme na jamaa yake, ili zipelekwe kwa wakuu wa nchi nyingine. Basi aliishi miaka mingi katikati ya watu waliojua kufuata picha kwa uangalifu. Mwaka 1649 alifuatana na bwana wake kwenda Italia. Huko Roma, Velázquez alipokuwa akijiandaa kumchora Papa Inosenti X, alimchora kwanza Pareja. Tarehe 19 Machi 1650, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, picha hiyo ilitundikwa katika Pantheon mbele ya watu, ikasifiwa kupita nyingine zilizokuwapo. Ukiitazama, unaona mtu mwenye kola nyeupe pana, mkono mmoja umewekwa mbele ya kifua, macho yakikutazama sawasawa. Hakuna katika uso wake dalili ya kujidharau. Lakini siku ile picha yake iliposhangiliwa, mwenyewe alikuwa bado mali ya mwingine.

Zaidi ya miaka 70 baadaye, mwaka 1724, mwandishi Antonio Palomino alisimulia kisa ambacho kimependwa sana. Alisema kwamba bwana wake hakumruhusu kushika brashi, hivyo Pareja akajifunza kwa siri. Kwamba siku moja aliegemeza ukutani picha aliyoichora mwenyewe, akiigeuza nyuma. Kwamba mfalme alipoigeuza na kuiona, alitamka kuwa mtu mwenye kipaji cha namna hiyo hawezi kubaki mtumwa. Ni kisa kizuri. Lakini katika hifadhi za Roma imepatikana hati yenyewe ya kumwacha huru, ya tarehe 23 Novemba 1650. Hati hiyo ni ya Velázquez, si ya mfalme, nayo ina sharti: Pareja atumike miaka minne zaidi kabla ya kuwa huru kabisa.

Tunawaomba msisitize tofauti hii mnapowasimulia wengine. Kisa cha Palomino kinafundisha kwamba mtu hustahili uhuru kwa sababu ana kipaji. Hilo si kweli. Pareja alistahili uhuru siku aliyozaliwa, hata kama asingejua kuchora mstari mmoja. Kipaji hakikumpa haki hiyo. Kilimpa jambo lingine, nalo tutaliona sasa.

4. Karatasi

Mwaka 1661, mwaka mmoja baada ya kifo cha Velázquez, Pareja alichora picha kubwa yenye upana wa zaidi ya mita tatu, ambayo leo imo katika Prado. Ni mwito wa Mtakatifu Matayo. Mtoza ushuru ameketi mezani pamoja na fedha zake na watu wake. Bwana Yesu anaingia upande wa kulia na kumwita. Ukingoni kabisa mwa upande wa kushoto amesimama mtu mmoja anayetutazama sisi. Mkononi ameshika karatasi, na juu ya karatasi imeandikwa jina na mwaka: Juan de Pareja, 1661.

Tufikiri kidogo juu ya karatasi hiyo. Katika maisha ya mtumwa, karatasi ni kitu cha kuogopesha. Kwa karatasi aliuzwa, kwa karatasi alirithiwa, na kwa karatasi aliachwa huru kwa sharti. Zote hizo ziliandikwa na wengine juu yake. Hii moja aliiandika yeye mwenyewe. Alijiweka ndani ya Injili, kati ya watu waliokuwapo siku mwenzao mmoja alipoitwa kwa jina aondoke mezani na kuanza maisha mengine.

Kuna jambo la pili. Yeyote angedhani kwamba mtu aliyekaa miaka mingi hivyo karibu na Velázquez angechora kama Velázquez. Sivyo. Picha ya mwito wa Matayo ina watu wengi, nguo za fahari, rangi nyingi zinazong'aa. Iko karibu zaidi na kazi za wachoraji wengine wa Madrid wa kizazi chake kuliko na ule utulivu wa bwana wake. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakisema kwamba hakufikia kimo cha mwalimu. Huenda hakukifikia. Lakini sisi tunaona kwamba alichukua ufundi akaacha mwandiko. Alijua kutayarisha kitambaa, kusaga rangi, kuupa uso mwanga na kivuli; kisha akachagua mwenyewe la kusema. Aliendelea kuchora akiwa mtu huru hadi alipofariki, yapata mwaka 1670.

Kwa muda mrefu watu walimjua kwa picha aliyochorwa kuliko kwa picha alizochora. Mwaka 1926 Arturo Schomburg, mwenye asili ya Kiafrika kutoka Puerto Rico, aliyetumia maisha yake kukusanya maandishi na kazi za watu weusi, alisafiri hadi Hispania kuzitafuta kazi za Pareja. Mwaka 1970 picha ile ya Velázquez iliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni mbili, nayo iko New York katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Na mwaka 2023 jumba hilo hilo lilifanya maonyesho juu ya Pareja mwenyewe kama mchoraji, ambapo picha ya Velázquez na picha ya mwito wa Matayo ziliwekwa pamoja. Ilichukua miaka mingi mno watu kuisoma ile karatasi.

5. Onyo kutoka Lubumbashi

Tusingekuwa waaminifu kama tungenyamaza juu ya hoja ya upande wa pili, nayo imetolewa hapa kwetu. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi. Watu waliiita Hangar. Yeye hakutaka wanafunzi wake wanakili mabwana wa Ulaya. Aliogopa kwamba wakifuata mkono wa mgeni watapoteza macho yao wenyewe, hivyo akawaacha watafute katika kumbukumbu zao na katika mambo yaliyowazunguka. Kutoka hapo walitokea Pilipili Mulongoy na ndege na samaki wake, Mwenze Kibwanga na mistari yake myembamba isiyohesabika, na Bela, aliyechora kwa ncha za vidole. Kazi zao zilivuka bahari, wala hakuna aliyewafundisha kwa Velázquez.

Basi kunakili si mlango pekee. Na hofu ya Desfossés ilikuwa na msingi. Nchi iliyoambiwa kwa miaka mingi kwamba kila kizuri hutoka ng'ambo inaweza kunakili mpaka ikajisahau. Kijana anayenakili sura za wageni miaka kumi bila kumchora hata mara moja bibi yake aliyeketi mlangoni ameingia katika hatari hiyo. Tunalikubali onyo hilo.

Lakini tukumbuke pia kwamba wachongaji wa babu zetu walijifunza kwa kuketi karibu na fundi na kufuata mkono wake. Na sisi tuliosomea ualimu, kazi yetu ya kwanza ilikuwa kunakili herufi za mwalimu wetu ubaoni, siku baada ya siku, mpaka mkono wetu ukanyooka. Leo kila mmoja wetu ana mwandiko wake. Hakuna aliyeibiwa.

6. Neno la kumalizia

Vijana wapendwa, jibu letu ni hili. Kunakili ni utii, na utii wa mwanafunzi una mwisho wake. Anayekataa kutii mwanzoni hubaki na mkono usiojua. Anayekataa kutoka katika utii wakati ukifika hubaki mkono wa mwingine. Pareja hakuchagua kuingia katika karakana ile, tena hakuna uzuri wowote katika jinsi alivyoletwa. Lakini alichojifunza humo hakikubaki mali ya bwana wake. Kilitoka pamoja naye.

Basi chukueni picha ya fundi mnayempenda, inakilini kwa uangalifu na kwa heshima, na nyuma yake andikeni wazi kwamba ni nakala, na ni ya nani. Mkiimaliza, mwiteni mtu wa nyumbani kwenu aketi kwenye mwanga wa dirisha, mkamchore. Na juu ya picha hiyo ya pili wekeni majina yenu wenyewe, pasipo woga.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

Kwanza: ni nani tuliyemfuata ili kujifunza kazi tunayoijua leo, na je, tumewahi kumshukuru?

Pili: kwa nini ni hatari kufundisha kwamba Pareja alistahili uhuru kwa sababu ya kipaji chake?

Tatu: onyo la Desfossés linatugusa wapi, katika uchoraji, katika muziki, katika mavazi na katika lugha yetu?